Maswali ya Wasomaji: Kumfundisha Mwanafunzi Kuitunza Akili Yake

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja. Walimu wawili, mkuu wa shule na mwanafunzi wameandika, kila mmoja kwa namna yake, kuuliza jinsi vijana wanavyoweza kufundishwa kujitunza wanapoelemewa na kusaidiana bila kuumizana. Barua ninayoanza nayo haikutangulia kufika, lakini jambo lake halingoji, na mwandishi wake tulikwisha kumjibu kwa njia aliyotuelekeza kabla toleo hili halijakwenda mtamboni. Naichapa kwa idhini yake, baada ya kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha, kwa kuwa naamini wako wengine wenye siri kama hiyo vifuani.

Shikamoo Mama. Nipo kidato cha tatu, shule ya bweni. Rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja ameniambia kwamba amechoka kuishi na kwamba kuna siku hatutamwona. Aliniapisha nisimwambie mtu. Tangu siku hiyo silali, nakaa nasikiliza kama anapumua. Nikisema nitakuwa nimemsaliti, nisiposema naogopa. Nifanye nini?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Sema leo, kabla ya kulala. Kiapo ulichoapishwa na mtu aliyezidiwa na maumivu hakikufungi, na rafiki yako hakukuambia wewe kwa bahati mbaya: alikuambia kwa sababu upo upande fulani wa moyo wake ambao bado unataka kusaidiwa. Mwambie waziwazi, kwa maneno yako au kwa haya: "Nimeshindwa kulibeba hili peke yangu, na ninakupenda mno, siwezi kulinyamazia. Twende pamoja kwa matroni." Akikataa kwenda, nenda wewe, huku mwenzenu mwingine akiwa amekaa naye, kwa maana hapaswi kuachwa peke yake hadi mtu mzima afike. Mtu mzima huyo anaweza kuwa matroni, mwalimu unayemwamini, muuguzi wa shule au mzazi. Ukimkuta wa kwanza anasema kwamba mwenzako anatafuta tu kuonewa huruma, usirudi bwenini, nenda kwa wa pili. Ipo pia namba 116, ya huduma ya simu kwa watoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Umeuliza pembeni, katika sehemu ya barua ambayo sikuichapa, kama kumuuliza juu ya kujiua kutamtia wazo hilo kichwani. Hapana. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi humpa nafasi ya kushusha pumzi. Watu wazima wakishalipokea jambo hili, kazi ya kumlinda usiku kucha inakuwa yao. Wewe unarudi kuwa rafiki: kula naye, kutembea naye, kumwazima daftari. Na wewe pia mweleze matroni kwamba hukulala siku kadhaa, kwa sababu unahitaji kuangaliwa.

Nina neno kwa mtu mzima atakayebishiwa hodi usiku huo. Mtoto aliyesema anataka kufa asitangazwe mstarini, asichapwe, asipewe barua ya kurudishwa nyumbani kana kwamba amevunja sheria ya bweni. Akae na mtu, apelekwe hospitalini, mzazi aitwe na kukabidhiwa kwa mkono, na aliyeleta habari ashukuriwe kwa siri. Wasichana wengine wote wa chumba hicho watakuwa wanatazama jinsi mlivyomtendea, na hapo ndipo watakapojifunza kama inafaa kusema au kunyamaza.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari ya kutwa. Mkuu wa shule amenikabidhi kipindi kimoja kila Jumatano ili nikifundishe kidato cha pili stadi za kutunza afya ya akili. Darasa lina wanafunzi 68, sina mafunzo ya unasihi, na nahofia kuharibu badala ya kujenga. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Singida*

Mwalimu mwenzangu, hofu yako ni mtaji mzuri, kwa sababu kazi hii imewahi kufanywa kwa nia njema na kwa maandalizi makubwa bila kuleta kilichotarajiwa. Nchini Uingereza, wanafunzi zaidi ya 8,000 walishiriki katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Shule za kundi moja zilifundisha darasa zima mazoezi ya kutuliza fikra kwa kuikazia akili kwenye pumzi na kwenye wakati uliopo, na za kundi la pili ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya malezi. Mwishoni waliofundishwa hawakuwa na hali bora kuliko wenzao, na wengi wao hawakuwa wakiyafanya mazoezi hayo nje ya darasa. Sasa tazama Kenya, ambako mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya programu iitwayo Shamiri, iliyoongozwa na kijana wa Kikenya, Tom Osborn, pamoja na wenzake. Wanafunzi 413 wa sekondari, ambao tayari walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliopitiliza, waligawanywa katika makundi madogo. Baadhi walijifunza mbinu za kusoma tu. Wengine, kwa vipindi vinne vya saa moja moja, waliongozwa na vijana waliokuwa wametoka kumaliza sekondari, wakazungumza juu ya mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu hukua, kwamba kushukuru kuna nguvu, na kwamba kila mtu anayo mambo anayoyathamini ambayo yanaweza kumwongoza. Dalili zao zilipungua kuliko za wale wa mbinu za kusoma.

Tafiti hizo mbili zilihusu watoto tofauti na mambo tofauti, kwa hiyo sizipimi kwenye mizani moja. Ninachokichukua mimi, baada ya miaka mingi ya kuwa mwalimu wa malezi, ni kwamba stadi hizi hukaa ndani ya mtoto pale zinapokuwa chache, zinapofanyiwa mazoezi, na zinapotolewa na mtu anayeweza kumwona usoni. Katika darasa la 68 huwezi kuwaona wote. Tumia dakika kumi za mwanzo kwa wote, kisha wagawe katika makundi ya wanane wanane chini ya miti, makundi yaleyale kila wiki, na wewe upite ukikaa na kundi moja au mawili kila Jumatano.

Kabla ya Jumatano ya kwanza, fanya kazi moja nje ya darasa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa darasa lako hesabu hiyo inaleta karibu wanafunzi kumi. Ukifungua mlango, baadhi yao wataingia, na hutakuwa na haki ya kuwaambia kwamba hukujua uwapeleke wapi. Nenda kituo cha afya cha karibu uulize ni siku gani kuna mhudumu anayeshughulikia afya ya akili, mtafute afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu, na ujue namna ya kufika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisha waandikishe wanafunzi wote, ndani ya jalada la daftari, namba 116 na majina ya watu wazima wawili ambao kila mmoja wao amewachagua mwenyewe.

Vipindi vya mwanzo vitumie kwa lugha. Kijana wetu akiulizwa ana nini, husema "nina mawazo", na neno hilo moja hubeba njaa, hofu ya mtihani, msiba, mapenzi yaliyovunjika na ugonjwa. Wakae katika makundi yao walifungue hilo fungu: ni uchovu, ni aibu, ni hasira, ni upweke, ni hofu? Anayeweza kuliita jambo kwa jina lake anaweza kulieleza kwa mwingine, na hapo nusu ya unasihi imekwisha kufanyika. Katika vipindi hivyo ndipo utakapowaeleza tofauti kati ya huzuni inayompata kila mtu na sonona, ambayo hudumu kwa wiki mbili au zaidi, kwa sehemu kubwa ya kila siku, ikiharibu usingizi, hamu ya kula, masomo na hata furaha ya vitu ambavyo mtu alivipenda. Usiwape orodha ndefu ya magonjwa, kwa maana kila mmoja atatoka akiwa amejikuta ndani yake.

Nakuomba sana usimtake mwanafunzi yeyote asimame na kueleza tatizo lake mbele ya wenzake. Niliwahi kufanya kosa hilo nilipokuwa kijana katika kazi. Binti mmoja alisimama kwa ujasiri akasema yaliyokuwa yakitokea kwao, darasa likanyamaza, mimi nikadhani tumefanya jambo kubwa. Kufikia wiki iliyofuata maneno yake yalikuwa yamegeuzwa jina la utani, na muhula ulipokwisha aliomba uhamisho. Sikupata tena nafasi ya kumwomba radhi. Tumia kisa cha kubuni, chenye mtu asiyekuwepo darasani, na utaona jinsi watoto wanavyoyasema yao kupitia mdomo wa mtu huyo.

Kisa cha namna hiyo ndicho kitakachokusaidia kufundisha stadi ninayoithamini kuliko zote, ya kulichukua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Jijini Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona wa nchi hiyo hukiita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo ni ndugu kabisa wa "mawazo" yetu. Bibi hao hawatoi mahubiri. Humsaidia mtu kuyafungua mawazo yake na kuyataja matatizo yote, kisha huchagua naye moja tu, wakalitafutia hatua anayoweza kuichukua wiki hiyo, halafu humtia moyo na kumngoja arudi aeleze ilikuwaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za watu wazima waliopita kwenye benchi hilo zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida, na utaratibu huo umefika hadi Zanzibar. Hatua hizo ni nyepesi kiasi cha kufanywa na kidato cha pili. Wape kisa cha binti anayechota maji kabla ya kwenda shule, anachelewa kila siku, anaadhibiwa, na sasa ameanza kuichukia shule. Waulize matatizo yako mangapi hapo, lipi lichukuliwe kwanza, na kesho asubuhi afanye nini, na nani wa kumsaidia.

Jiandae, kwa kuwa kundi mojawapo litasema kwamba hatua ya kwanza ni mwalimu wa zamu aache kumchapa. Usikwepe. Mtoto anayeadhibiwa kwa kosa la kisima cha kijiji hawezi kuponywa kwa zoezi la kupumua, na ukimfundisha kupumua tu utakuwa unamzoeza kuvumilia jambo ambalo sisi tungeweza kuliondoa kwa kikao kimoja cha walimu. Shule zinaweza kubadilika. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilihusika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Kwenye shule ambazo walimu na wanafunzi walifanya kazi pamoja kwa miezi 18 kubadili namna ya kuadhibu na kuzungumza, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31, ilhali katika shule nyingine walikuwa asilimia 49. Bado ni wengi mno, lakini tofauti hiyo ni miili ya watoto wengi ambao hawakuguswa.

Pumzi yenyewe ina faida yake. Wafundishe kuvuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua mtu anapotoa hewa polepole, na mwili ukitulia akili hupata pa kusimama. Zoezi hilo lifanyeni kwa dakika mbili kila mwanzo wa kipindi, siku za amani, ili siku ya mtihani mwili uwe umekwisha kuizoea njia. Usimlazimishe mtu kufumba macho. Wapo watoto ambao, wakifumba, huona mambo ambayo wamekuwa wakiyakimbia, na hao waruhusiwe kutazama dawati.

Usingizi, chakula na mchezo vimeandikwa katika kila kijitabu, nami sitavirefusha, ila nitasema juu ya usingizi kwa sababu ndio tunaowanyang'anya kwa hiari yetu. Kijana wa umri huo anahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku mmoja. Wewe ni wa shule ya kutwa, lakini katika mabweni mengi prepo hukoma saa nne usiku na kengele hulia saa kumi alfajiri. Hizo ni saa sita, hata kama mtoto angesinzia papo hapo anapoegemea mto.

Mimi ni mkuu wa shule ya wasichana. Tangu muhula uanze, wasichana wamekuwa wakipiga mayowe na kuanguka bwenini, leo watatu, kesho kumi. Baadhi ya wazazi wanataka kuleta watu wa kufukuza mapepo, na baadhi ya walimu wanasema watoto wanajifanya ili waende likizo. Je, kuna somo la afya ya akili linaloweza kuwasaidia?
*Mkuu wa shule, Kagera*

Mheshimiwa Mkuu wa shule, mkoa wenu una kumbukumbu ya jambo hili inayosomwa hadi leo na madaktari wa nchi za mbali. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali hiyo iliwafikia wanafunzi 95 kati ya 159, walimu wao hawakupatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Ilipofunguliwa mwezi Mei hali ilirudi, ikabidi ifungwe tena, na wakati huo ilikuwa imekwisha kufika katika vijiji ambako wasichana waliorudishwa makwao walikuwa wakiishi, kikiwamo Nshamba. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yao mwaka 1963, hawakupata sumu wala maambukizi.

Wasichana wale hawakuwa wakijifanya, na wa kwenu pia sidhani kama wanajifanya. Hofu na msongo ambao haujapata maneno huweza kutoka kwa njia ya mwili, nao huenea kwa kuonana na kusikiana, hasa mahali ambapo watoto wanaishi pamoja usiku na mchana na hawana ruhusa ya kulalamika. Kwa hiyo anayeanguka aondolewe kwa utulivu, apelekwe mahali ambapo wenzake hawamwoni, akae na mtu mzima mmoja asiye na hofu, apewe maji na hewa, na wengine waendelee na ratiba. Kila mmoja apimwe kwanza malaria, kifafa, upungufu wa damu na njaa, kwa sababu kumwambia mgonjwa wa kifafa kwamba ana mawazo tu ni hatari. Wazazi wanaotaka kusali waje wasali kwa upole, mkiwapo ninyi, bila kumpiga mtoto, bila kumfungia, na bila kumtaja mwanafunzi yeyote kuwa mchawi, kwa maana jina hilo likishatajwa bwenini mtoto huyo hatakuwa na mahali pa kulala tena.

Somo lifuate hali ikishatulia. Hapo wafundisheni yale niliyomweleza mwalimu wa Singida, hasa lugha ya hisia na pumzi, lakini lianze na ninyi kuuliza. Keti na wasichana katika makundi madogo, bila matroni wao kuwapo, uwaulize nini kimebadilika tangu muhula uanze. Mara nyingi kuna jibu: kiongozi mpya wa bweni, kifo kisichozungumzwa, mtihani wa moko ulioongezwa, mlinzi anayezunguka madirishani. Jibu lolote utakalopata, walione likishughulikiwa ndani ya wiki hiyo.

Ninafundisha wavulana watupu. Kila ninapowaambia waeleze hisia zao wananicheka, au wananijibu kwamba mwanamume halii. Nimekata tamaa.
*Mwalimu wa malezi, Morogoro*

Usikate tamaa, kaka yangu, badili mkao tu. Kumkalisha mvulana kwenye kiti na kumtazama machoni humkumbusha ofisi ya mwalimu wa nidhamu, na atajilinda kama anavyojilinda huko. Wavulana wengi husema mambo mazito wakiwa bega kwa bega na mtu, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama mbele: wakirudi kutoka uwanjani, wakimwagilia bustani, wakipaka rangi madawati. Mambo ya kujitunza wafundishe hapohapo, kwa sentensi mbili tatu, kisha uendelee na kazi.

Wape pia mfano kutoka kwako, wa kweli na wa kiasi. Kama uliwahi kufiwa ukashindwa kufundisha kwa wiki nzima, waeleze ulimwendea nani na alikwambia nini, bila kuwatwika huzuni yako ili waibebe. Na wafundishe njia tatu za huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambazo wavulana huzipokea vizuri kwa kuwa zinawapa kazi ya kufanya: kuangalia nani amebadilika, kumsikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu, na kumuunganisha na mtu mzima anayeweza kusaidia. Kila kundi la watu wanne lijaribu mbele yako mara mbili tatu, mmoja akiwa rafiki aliyeacha kuja mazoezini, mwingine akimfuata. Mara ya kwanza watacheka, na uwaache wacheke. Kwa yule ambaye hakucheka, tafuta kazi ya bustani Alhamisi jioni, na uifanye naye.